Kubadilisha stata iliyojificha kwenye RAV4 ya zamani

Stata yangu, yaani mota inayoizungusha injini mpaka iwake, ilinigomea bandarini Mkoani, Pemba. Nilikwenda kumpokea shemeji yangu anashuka botini kutoka Unguja. Mizigo imeshapakiwa, shemeji kakaa mbele, nikageuza ufunguo: tak. Mara moja tu, kisha kimya. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, redio inasoma habari kama kawaida. Vijana wa bandarini wakaja mbio, "Mzee, tia gia mbili tukusukume." Nikawaambia gari ni oto. Wakatazamana, mmoja akasema pole mzee, wakarudi zao kivulini.

Alibaki kijana mmoja mwembamba. Akaokota kipande cha nondo, akalala chali uvunguni, nikasikia ko, ko, ko. "Jaribu, ami." Ikawaka.

Kugonga kule si uganga. Ndani ya stata mna vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi vigusane na shaba ya amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka. Kaboni zikisha kuwa fupi, springi hazina nguvu tena ya kuzisogeza, na ukigonga zinatikisika zikagusa kwa mara hiyo moja. Kwa hiyo stata inayowaka kwa kugongwa imeshakwambia ugonjwa wake wenyewe. Umebakiwa na siku chache, pengine wiki, na kila siku kunahitajika kugonga zaidi.

Mwenye gari ya gia za mkono anaweza kuishi na stata mbovu kitambo. Chake Chake yetu ni vilima vitupu, unaegesha juu, asubuhi unaachia breki, unatia gia ya pili, gari inawaka kabla hujafika chini. Mwenye oto hana ujanja huo. Nikaamua niifungue mwenyewe, na niliyoyaona ndiyo haya.

Gari ninayoizungumza

RAV4 ya kizazi cha pili, zile zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2005, yenye injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ya lita 2, iliyoandikwa 1AZ-FSE. Injini imelala kwa mapana ya gari. Stata iko mbele ya injini, upande wa rejeta, imebanwa kwenye gia boksi, na juu yake imefunikwa na menifoldi ya kuingizia hewa. Ukifungua boneti ukachungulia huioni. Unaliona tumbo la menifoldi na msitu wa waya. Ukilala chini unaiona, lakini mkono haufiki panapotakiwa. Noah na Voxy za injini hiyo hiyo zina tabu ya namna moja na hii.

Gari nyengine bolti zitakuwa pengine, ila utaratibu ni ule ule. Na kama una Land Cruiser 100 ya petroli yenye injini ya V8, basi wewe dua tu: stata yake imekaa katikati ya injini, bondeni, chini ya menifoldi, na hapo menifoldi haina budi kung'oka. Kwa RAV4 hii si lazima. Mafundi wengi hukimbilia kuing'oa ili wapate nafasi, lakini kwenye D4 ukianza kugusa mambo ya mafuta na menifoldi unajitafutia kazi ya siku tatu na uvujaji usiokuwepo. Uvumilivu wa saa moja zaidi na ekstensheni ndefu vinatosha.

Hakikisha ni stata kweli

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Mimi kabla ya siku ile ya Mkoani nilishapelekwa kununua betri mpya. Fundi alisikiliza ule mlio, akasema betri, akanifungia betri, gari ikawaka, nikalipa, nikashukuru. Siku ya tatu, tak. Kumbe wakati anafunga betri aliibana na kuitingisha gari yote, na kaboni zikagusa.

Basi anza kwa masikio. Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka huku taa zikififia, hiyo ni betri imeisha au vichwa vyake vina uchafu. Tak moja nzito kisha kimya, taa hazififii sana: hapo mtuhumiwa ni stata yenyewe, ama kaboni ama shaba za ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme iliyobebwa na stata. Kimya kabisa, hata tak hakuna, usiiguse stata kwanza. Jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, maana swichi ya gia ikichoka gari haipeleki umeme kwenye stata. Kisha angalia fyuzi, na badilisha rilei ya stata na nyengine ya namba ile ile kwenye kisanduku. Ukisikia mlio wa kuzunguka kwa kasi, wiiii, na injini haishtuki, bendiksi imekufa: mota inazunguka lakini gia yake haishiki. Na ukisikia kusaga kama mashine ya unga, meno yameliwa, ya stata au ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata.

Halafu mita. Betri iliyolala usiku mzima na kujaa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, ichaji kwanza kabla hujamlaumu mtu. Mwambie mtoto awashe huku umeshika mita kwenye betri. Isishuke chini ya 9.6. Ikianguka mpaka 7 au 6, mara nyingi tatizo ni betri. Ikibaki 12 na injini haizunguki, umeme hauingii kwenye stata au unaingia na haufanyi kazi.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda, na ndicho kinachorukwa. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ncha ya pili kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtoto awashe. Mita isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2 hivi, waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari na injini, ni mbovu. Fanya vile vile upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye nati kubwa ya stata. Hapo isizidi 0.5. Huku kwetu kipimo hiki si cha hiari. Chumvi ya bahari inaingia kila pahala, na gari zetu nyingi zimewahi kushushwa ufukweni kufuata samaki. Waya wa athi unaweza kuonekana mzima kwa nje, ukiuchuna ganda ndani ni unga wa kijani. Nimemuona jirani yangu wa Machomane kabadilisha stata mbili kwa waya ambao angeusafisha kwa msasa.

Mwisho, pima ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi wakati mtoto ameshika ufunguo. Ukipata volti 8 au zaidi na stata haifanyi kitu, hukumu imepita. Shuka chini.

Spea kwanza au kufungua kwanza?

Aliyeko Unguja anaweza kufungua asubuhi, akaenda madukani na stata mkononi, adhuhuri kesharudi. Pemba mara nyingi unaagiza, na kitu kinakuja na boti. Gari isije ikakaa juu ya stendi wiki nzima inasubiri mzigo.

Kwa hiyo ingiza simu uvunguni na tochi, piga picha ya kibandiko kwenye mwili wa stata. Namba za Toyota za stata huanza na 28100. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Mtumie muuzaji picha hiyo, na mwambie akutumie picha ya anayotaka kukuuzia, ikiwa imegeuzwa upande wa gia. Hesabu meno. Tazama matundu mawili ya bolti yamekaaje, solenoidi iko upande gani wa mota, na plagi ya waya mwembamba ina umbo gani. Kimoja kisipofanana usichukue, hata akikuapia kwamba "hii inaingia".

Tena jiulize kama unahitaji stata nzima. Maoni yangu, na wengine watabisha: stata ya mtumba iliyotoka kwenye gari ya umri mmoja na yako ina kaboni zilizochoka sawasawa na zako. Unanunua matatizo yale yale kwa mara ya pili. Na zile mpya za bei rahisi, za jina usilolijua, wakati mwengine zinakufa kabla ya ya mtumba. Kama mwili wa stata yako ni Denso ya asili na amecha haijaungua, kuitia kaboni mpya, bushi na grisi ni kazi ndogo na inadumu. Mimi niliagiza seti ya kaboni na solenoidi moja ya akiba. Solenoidi mpaka leo iko kabatini.

Vifaa

Racheti na soketi namba 10, 12 na 14. Ekstensheni mbili, ndefu na fupi, ambazo zikiungana zinafika kama sentimita 45, pamoja na kiungo kile kinachopinda. Bila ya kiungo hicho usianze. Spana bapa za namba hizo hizo, bisibisi nyembamba ya kubinyia klipsi za plagi, brashi ya waya, msasa laini, dawa ya kutu, tochi ya kichwani, mita, na sumaku ya kuokotea, kwani nati itaanguka. Stendi mbili za chuma.

Kitu cha kulalia pia. Usichukue jamvi la kuanikia karafuu. Nimefanya, na habari yake haijesha nyumbani mpaka leo. Boksi la friji linatosha.

Kunyanyua gari

Hapa sitakwenda mbio. Watu wanakufa kwa hili.

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kama una uwanja wa mchanga au udongo tu, tia ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo mguu wa stendi unadidimia polepole na hutauona mpaka gari imekulalia. Tia P, vuta breki ya mkono, na kingia magurudumu ya nyuma mbele na nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi mbili chini ya sehemu ngumu za chesesi, shusha gari itue juu ya stendi, kisha isukume kwa bega. Ikicheza, rudia.

Usitumie jiwe la matumbawe wala tofali la bloku. Najua ndiyo yaliyojaa uwanjani. Jiwe la matumbawe linaonekana gumu, linabeba ukuta wa nyumba miaka 100, lakini ukutani uzito umetandazwa. Chini ya gari uzito wote uko kwenye nukta moja na linapasuka ghafla bila ya kutoa onyo. Bloku nayo ni hivyo hivyo. Kama stendi huna, azima. Na gurudumu la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe mlinzi wa mwisho.

Kufungua, upande wa juu

Gari iwe imepoa kwa muda wa saa mbili au zaidi. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, uufunge kitambaa na uusogeze mbali. Ule waya mnene unaokwenda kwenye stata una umeme saa zote, ufunguo uwe ndani au nje, na spana ikigusa nati yake na mwili wa gari kwa pamoja, utaona cheche utakazozikumbuka. Ndipo utoe chanya, uitoe betri na trei yake.

Kisha toa kisanduku cha hewa na bomba lake. Piga picha kila hatua. Bomba ukishalitoa ziba mdomo uliobaki kwa kitambaa kisafi. Nati ikidumbukia humo, hiyo ni hadithi nyengine kabisa.

Sasa utaona mwanya. Si mkubwa, kiasi cha ngumi, lakini ukipiga tochi kwa pembe utakiona kichwa cha bolti ya juu ya stata kule chini kwenye gia boksi. Usiifungue bado. Ipulizie dawa ya kutu, na ya chini pia, uende ukanywe chai. Dakika 20 si nyingi kwa bolti ambayo haijaguswa tangu gari itoke Japani.

Upande wa chini

Toa kava la plastiki la chini. Klipsi zake zitakatika, ndivyo zilivyo. Lala chali kichwa kikielekea bampa la mbele. Stata utaiona ni silinda mbili zilizopandana: kubwa ni mota, ndogo ni solenoidi.

Anza na waya. Kofia ya mpira ivute nyuma, chini yake kuna nati inayoshika waya mnene. Yangu ilikuwa namba 12. Nati hii imeng'ang'ania kwa kutu mara nyingi, na msumari wake ni wa shaba uliopigiliwa kwenye plastiki. Ukilazimisha unazunguka na msumari wote na solenoidi imekwisha. Dawa, subiri, fungua kidogo, rudisha, fungua tena. Plagi ya waya mwembamba ina ulimi wa kubinya; plastiki ya miaka 20 haitaki kubinywa kwa hasira. Mimi nilitia ncha ya bisibisi, nikaubinya ulimi huku navuta plagi yenyewe. Usivute waya.

Bolti ya chini ni rahisi, namba 14, racheti ya kawaida inatosha. Ilegeze lakini usiitoe. Iache ishike kwa nyuzi kadhaa, kwa sababu stata ina uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi na uso wako uko chini yake.

Bolti ya juu

Hii ndiyo iliyokufanya usome mpaka hapa. Kuna njia mbili, na kila mkono una yake. Wako wanaoifuata kutoka chini, ekstensheni ikipita kati ya stata na rejeta. Mimi nilijaribu nusu saa, soketi ikawa inakaa upande, na bolti ya namba 14 ukishaila kona zake umekwisha.

Nikarudi juu. Nilifanya hivi: soketi 14 ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwenye kiungo kinachopinda, nikakifunga kiungo kwa tepu ya umeme mizunguko miwili ili kisilegee na kuanguka kichwa lakini bado kipinde kidogo. Kisha ekstensheni fupi, kisha ndefu. Nikaishusha kwenye mwanya kama mtu anayevua pweza, jicho moja, mkono wa kushoto nimeuingiza kando uielekeze soketi kwa vidole. Huoni na kuhisi kwa pamoja, chagua kuhisi. Soketi ikikaa sawasawa juu ya bolti utaisikia, inatulia, haichezi. Ukiwa na shaka haijakaa.

Hapo ndipo utie racheti, na kama bolti ni ngumu ongeza bomba kwenye mkono wa racheti. Vuta kwa uzito wa mwili, polepole, usitie mshtuko. Yangu ilitoa mlio mmoja mkali kama tawi linalovunjika, nikadhani nimeikata. Kumbe imelegea.

Bolti hiyo inaweza kuwa imeshika pia kibati cha waya. Kumbuka kibati kilikaa juu au chini yake. Itoe yote kwa vidole au sumaku, kisha rudi uvunguni, shika stata kwa mkono mmoja, toa ya chini kwa mwengine. Stata haitoki moja kwa moja kwenda chini. Irudishe kwanza kuelekea upande wa mota mpaka pua ya gia itoke kwenye tundu la gia boksi, kisha igeuze. Mimi ilinibidi niizungushe robo duara, solenoidi itazame chini. Iliingia, basi itatoka; ikigoma, hujaipata pembe yake. Usipigane na mabomba ya rejeta.

Kabla hujaondoka chini, piga tochi kwenye lile tundu. Meno ya flaiwili utayaona. Mwambie mtu azungushe injini kwa mkono kwa soketi kwenye puli ya mbele, kidogo kidogo, uyakague yote mpaka mzunguko utimie. Meno yakiwa yameliwa sehemu moja, stata mpya nayo italiwa hapo hapo, na hiyo ni kazi ya kushusha gia boksi. Afadhali ujue leo.

Mezani

Kuna aina mbili za stata za Denso utakazokutana nazo. Za zamani zaidi, solenoidi ina kifuniko cha duara nyuma chenye skrubu tatu. Fungua, ndani utakuta shaba mbili na plenja, chuma kinachosogea, yenye sahani ya shaba. Shaba zikiwa na shimo upande mmoja, umekipata chanzo cha ile tak, na seti ya shaba hizo ni kitu kidogo na cha bei ndogo. Nyengine, za gia ndogo za kuzungukana, solenoidi yake haifunguki hivyo. Ikifa hubadilishwa nzima. Yangu ilikuwa ya aina hii, lakini solenoidi yake haikuwa na kosa.

Fungua bolti mbili ndefu za nyuma, toa kifuniko. Vumbi jeusi litamwagika. Kaboni zangu mbili zilikuwa fupi kama ukucha wa kidole gumba, moja imekaa upande kwenye nyumba yake. Zikiwa chini ya milimita 9 hivi, badilisha zote nne, usibadilishe mbili. Kama waya wake umechomelewa, peleka kwa anayejua kuunga kwa risasi na moto wa kutosha. Risasi dhaifu itayeyuka stata ikipata moto. Shaba ya amecha ipitishie msasa laini kwa kuizungusha, kisha safisha mifereji kati ya shaba na shaba kwa ncha ya kisu. Bushi tia tone la grisi. Gia za ndani grisi kidogo. Bendiksi iizungushe kwa mkono: izunguke upande mmoja tu, upande wa pili ikatae.

Sasa ijaribu, na usiirudishe bila ya kuijaribu. Hata kama umenunua mpya dukani imefungwa nailoni. Ibane kwenye vaisi au ikanyage vizuri kwa mguu, maana inaporuka ina nguvu. Hasi ya betri kwenye mwili wa stata, chanya kwenye nati kubwa, kisha gusa chanya kwa waya mdogo kwenye pini ya plagi nyembamba. Gia iruke nje na izunguke kwa mara moja, mlio mmoja laini. Sekunde tatu, basi, usiiunguze. Ukiachia, gia irudi ndani papo hapo. Rudia mara tano. Ikisita hata mara moja, ifungue tena hapo hapo mezani, kuliko kurudi uvunguni.

Kurudisha

Sugua uso wa gia boksi panapokaa stata, na uso wa stata yenyewe, mpaka chuma king'are. Umeme wa hasi wa stata haupiti kwenye waya. Unapita kwenye mgusano huo wa chuma kwa chuma na kwenye bolti zake. Usipake rangi wala grisi hapo. Bolti zisugue nyuzi kwa brashi.

Ingiza stata kwa njia ile ile uliyoitolea, anza bolti ya chini kwa vidole, kisha ya juu kwa vidole. Hii ya juu kuianza ndiyo mtihani wa pili. Tia kipande cha karatasi ndani ya soketi ili bolti ibanane isianguke, ishushe, izungushe kwanza kinyume mpaka usikie inadondoka kwenye uzi wake, ndipo uizungushe kukaza. Ikiwa nzito tangu mwanzo, imeingia upande. Toa, anza upya. Nyumba ya gia boksi ni alumini na uzi wake ukiharibika hauna msamaha. Kukaza, kipimo ni Nm 37 hadi 39. Kama huna spana ya kupimia, kaza kwa racheti ya kawaida mkono mmoja mpaka ikatae, bila ya bomba.

Waya mnene uguse shaba kwa shaba, nati ibane lakini kumbuka ule msumari. Nm 10 hivi zinatosha. Paka grisi juu ya nati baada ya kukaza, si kabla, na rudisha kofia ya mpira. Kwa hewa yetu ya pwani kofia hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana. Ikiwa imepasuka, kata kipande cha mpira wa baiskeli ukifunge. Plagi isukume mpaka ilie klik.

Kisanduku cha hewa, trei, betri. Chanya kwanza, hasi mwisho. Washa gari ikiwa bado juu ya stendi, iko P, na hakuna mtu uvunguni. Injini ya D4 iliyokosa betri kwa saa kadhaa inaweza kucheza kidogo ikiunguruma bila ya kukanyagwa mafuta dakika za mwanzo mpaka ijirekebishe, usishtuke. Zima, washa, mara kumi. Sikiliza kila unapoachia ufunguo: kusiwe na mlio wa kuendelea kuzunguka.

Kava la chini usilirudishe siku hiyo. Endesha siku mbili tatu, kisha ingia tena uvunguni na tochi, ukaze nati ya waya mnene kama imelegea, na uitazame stata kwa juu. Yangu ilikuwa na tone jeusi la oili mgongoni, likitoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, na ndilo lililokuwa likiingia ndani na kuzigandisha kaboni miaka yote ile. Gasketi niliagiza, ikaja na boti ya Jumamosi.